Namba Isiyo na Jina

Katika Unix na mifumo iliyozaliwa nayo, karibu kila kitu hujitokeza kama faili: diski ni faili, kibodi ni faili, printa nayo ni faili. Kwa mantiki hiyo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na faili moja ya ajabu kuliko zote, /dev/mem. Ukiifungua na kusoma baiti yake ya elfu moja, unapata kilichomo katika baiti ya elfu moja ya kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Ukiandika hapo, umeibadilisha kompyuta ikiwa inaendelea na kazi. Mwongozo wa Unix wa enzi hizo ulieleza bila kumung'unya maneno kwamba faili hiyo yafaa kwa kuuchunguza mfumo, na hata kuutia viraka. Msukumo wake unaeleweka. Keneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayozigawia programu nyingine zote muda wa kichakato, kumbukumbu na vifaa. Programu ya kawaida ikiwa na hitilafu, mhandisi huisimamisha kisha huiomba keneli imwonyeshe yaliyomo ndani. Keneli yenyewe ikiwa na hitilafu, ataomba kwa nani? /dev/mem ilimjibu kwamba hakuna haja ya kuomba: chukua namba ya mahali unapopataka, usome.

Kati ya 2005 na 2021 milango ya namna hiyo ilifungwa mmoja baada ya mwingine, katika Windows na katika Linux, na simulizi inayorudiwa ni kwamba usalama uliushinda uhuru: wasaka hitilafu walinyang'anywa chombo chao kwa sababu ya wadukuzi. Simulizi hiyo naiona imeshika nusu tu ya jambo. Mlango ule ulikuwa mbovu kwa uchunguzi kabla haujawa mbovu kwa usalama, na ubovu wa aina zote mbili una chanzo kimoja. Anwani ya kumbukumbu halisi ni namba isiyo na jina. Haisemi kilichopo hapo ni nini, ni cha nani, wala kama sasa hivi kinabadilishwa. Kitu usichokijua ni nini huwezi kukisoma ukakiamini, na huwezi pia kukiwekea sheria ya nani akiguse na nani asikiguse.

Tuanze na usomaji. Programu ya kisasa haiioni kumbukumbu halisi hata siku moja. Inaona anwani pepe, ambazo kichakato huzigeuza kuwa anwani halisi kwa kufuata majedwali yanayotunzwa na keneli, ukurasa kwa ukurasa, kila ukurasa ukiwa na baiti 4096 kwa kawaida. Keneli nayo huishi kwa anwani pepe. Katika Linux ya biti 32 kwenye vichakato vya Intel mambo yalikuwa mepesi kwa kiasi fulani. Eneo la keneli lilianzia 0xC0000000, kwa tarakimu za msingi wa kumi na sita wanazotumia wahandisi, na megabaiti kama 896 za mwanzo wa kumbukumbu zilipangwa hapo kwa mfululizo. Msaka hitilafu alitoa namba moja katika nyingine, akafungua /dev/mem, akafika. Lakini moduli zinazopakiwa baadaye, na maeneo mengine mengi ya keneli, hukaa kwenye kurasa zilizotawanyika: kwa anwani pepe zinafuatana, kwenye kumbukumbu halisi moja iko huku na jirani yake kule. Kuzifikia kunadai kwanza usome majedwali yenyewe kupitia faili ileile, ngazi kwa ngazi, ukifanya kwa jasho kazi ambayo kichakato huifanya mara mamilioni kwa sekunde. Programu ya crash, iliyotunzwa kwa miaka mingi na David Anderson wa Red Hat, ilijifunza kazi hiyo. Hata hivyo haifui dafu bila nakala ya keneli iliyokusanywa pamoja na taarifa za uchunguzi, yaani maelezo ya kila muundo wa data na kila kipande chake kinaanzia baiti ya ngapi. Bila maelezo hayo, baiti nane ulizozisoma zaweza kuwa kielekezi, kihesabio, ama nusu ya jina la faili. Maana haimo kwenye kumbukumbu. Inaletwa kutoka nje.

Na ukishaletewa maana, bado kuna suala la wakati. Ndani ya keneli, anayetaka kupita kwenye orodha ya michakato inayoendeshwa hushika kufuli kwanza, ili mwingine asiibadilishe huku yeye akiisoma. Anayesoma kupitia /dev/mem hana kufuli lolote la kushika, kwa kuwa kufuli ni la orodha na yeye haoni orodha, anaona baiti. Ni sawa na kuhesabu watu sokoni Kariakoo huku wanatembea. Anasoma kielekezi kinachomtuma kwenye muundo fulani. Anapofika, muundo umekwisha kufutwa na ukurasa wake umepewa programu nyingine. Msomaji makini hugundua kwamba orodha imekatika au inajizungusha, akaanza upya. Asiye makini huandika ripoti ya hitilafu ambayo haikuwepo.

Hayo yalijulikana mapema. Programu ya ps, ambayo kila mtumiaji wa Unix huitumia kuona michakato, zamani ilifanya kazi kwa kusoma majina na anwani zilizoandikwa kwenye faili la keneli, kisha kuchomoa thamani zake moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Ukibadilisha keneli bila kuikusanya ps upya, ilitoa upuuzi. Mwaka 1984 Tom Killian wa Bell Labs alieleza njia nyingine, ya michakato kujitokeza yenyewe kama faili ndani ya /proc, na kutoka hapo likakua wazo tulilonalo leo katika Linux: keneli inaulizwa kwa jina, nayo hujibu kwa kufuata kufuli zake. Hapakuwa na mdukuzi aliyelazimisha badiliko hilo. Lililolazimisha ni kutaka majibu ya kweli.

Mfano ninaouona mzuri kuliko yote uko kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ambayo wengi huijua kwa kuwashia taa na kuendesha mota. Katika toleo la kwanza, rejista za vifaa zilianzia anwani halisi 0x20000000, na zile za pini za kuunganishia waya zilikuwa 0x20200000. Programu nyingi zilifungua /dev/mem na kuandika namba hiyo moja kwa moja. Mwaka 2015 ilitoka Raspberry Pi 2, na rejista zilihamia 0x3F000000. Katika toleo la 4 zilihama tena hadi 0xFE000000. Je, 0x20200000 ilikuwa nini kwenye Pi 2? Ilikuwa RAM ya kawaida, mahali karibu na megabaiti ya 514 katika gigabaiti moja ya bodi hiyo. Namba ileile iliyowasha taa kwenye bodi moja ilikuwa kumbukumbu ya mtu mwingine kwenye bodi iliyofuata, na hakuna chochote ndani ya namba kinachotoa onyo. Suluhisho lilikuwa /dev/gpiomem, faili inayofungua rejista za pini tu, popote zilipo kwenye bodi husika, na isiyohitaji mamlaka ya mtumiaji mkuu. Hapa mlango ulifanywa mwembamba na matumizi yakawa rahisi zaidi. Wanaodhani usalama na urahisi daima huvutana waliangalie jambo hili kwa utulivu.

Upande wa ulinzi hadithi ni maarufu zaidi, kwa hiyo naipitia haraka. Silvio Cesare alionyesha mwaka 1998 kwamba keneli ya Linux inaweza kubadilishwa kupitia /dev/kmem, pacha wa /dev/mem anayetumia anwani pepe za keneli. Mwishoni mwa 2001, katika toleo la 58 la jarida la Phrack, wadukuzi wawili waliojiita sd na devik walieleza SucKIT, rutikiti (programu ya kuficha uvamizi) iliyojipandikiza kwenye keneli bila kupakia moduli yoyote. Wasimamizi waliokuwa wamezima upakiaji wa moduli wakidhani wamemaliza kazi waligundua kwamba dirisha lilikuwa wazi. Microsoft ilizizuia programu za kawaida kufungua kitu kinachofanana na hicho, \Device\PhysicalMemory, katika Windows Server 2003 Service Pack 1 ya 2005. Linux ilifuata mwaka 2008, katika toleo la 2.6.26, kwa badiliko la Arjan van de Ven lililokuja kujulikana kama STRICT_DEVMEM: /dev/mem ibaki kwa ajili ya rejista za vifaa, RAM ya kawaida isiguswe. Ulinzi huo ulikuwa wa hiari ya anayekusanya keneli, na mwaka uliofuata Anthony Lineberry aliweza kuonyesha kwenye mkutano wa Black Hat jinsi ya kupandikiza msimbo kupitia /dev/mem palipokuwa bado wazi. Kwenye kompyuta za Intel liliachwa pengo la megabaiti ya kwanza, maana BIOS na programu za kuonyesha picha ziliitegemea. Mwaka 2017 hata hapo, RAM ikisomwa, keneli ikaanza kurudisha sufuri. /dev/kmem yenyewe iliondolewa kabisa katika Linux 5.13, mwaka 2021, na sijaona dalili kwamba kulikuwa na kilio kikubwa.

Pingamizi la kwanza huja hapa, nalo lina uzito. /dev/mem ilifunguliwa na mtumiaji mkuu peke yake, na mtumiaji mkuu anaweza kupakia moduli, kubadilisha keneli kwenye diski, kuwasha mashine upya. Kumzuia kusoma kumbukumbu ni kufunga dirisha la nyumba isiyo na ukuta. Mwaka 2001 hoja hiyo ilikuwa sahihi karibu kabisa. Imepungua nguvu kadiri kuta zilivyojengwa: moduli hudaiwa sahihi ya kidijitali, mashine hukagua sahihi ya keneli inapowaka, makontena huendesha programu zinazojiona ni mtumiaji mkuu ilhali sivyo. Lakini nadhani kosa la pingamizi hili liko kwingine. Linachukulia kwamba ruhusa ni swali la nani tu. Ruhusa ni swali la nani na nini, na /dev/mem haikuweza kamwe kuuliza nini. Mtu aliyetaka kusoma halijoto ya kichakato na mtu aliyetaka kubadilisha jedwali la miito ya mfumo walipita mlango mmoja wakiwa wamevaa sare moja. Hata msimamizi mwaminifu kabisa hupata hasara, kwa sababu tarakimu moja aliyokosea haitofautiani na tarakimu aliyoikusudia.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na ndilo linalowahusu wasaka hitilafu hasa. Keneli ikiwa mgonjwa, wanasema, kuiuliza ijieleze ni kumwuliza mshukiwa. Faida ya kumbukumbu ghafi ni kwamba haisemi uongo. Faili za /proc hujibu kwa kutumia miundo ileile ambayo huenda imeharibika. Nakubali hili nusu. Keneli iliyoharibika kweli huhitaji macho ya nje. Ila /dev/mem haikuwa macho ya nje: kila usomaji wake hupitia keneli hiyohiyo, kiendeshi chake kimo ndani yake, na keneli ikianguka faili huanguka nayo. Jicho la nje la kweli lilipatikana mwaka 2005, Linux 2.6.13 ilipopokea kexec na kdump. Keneli ya akiba huwekwa mapema kwenye kipande cha kumbukumbu kilichotengwa. Ile kuu ikianguka, ya akiba huwaka papo hapo bila kupitia BIOS, huiacha kumbukumbu ya marehemu ilivyo, na kuionyesha kwa programu za kawaida kupitia faili /proc/vmcore. Hapa namba ghafi zimerudi kwa heshima zote, na safari hii zinafaa, kwa sababu tatizo la wakati limekwisha: hakuna tena anayebadilisha chochote. Inaonekana basi kwamba kusoma kumbukumbu halisi kutoka kwenye programu ya kawaida si kosa. Kosa lilikuwa kuisoma ikiwa hai, bila kufuli wala maelezo, na kuiita picha.

Kwa mashine iliyo hai vilikuja vyombo vingine, na mpangilio wa tarehe unapendeza: toleo lileile la 2.6.26, lililoleta kizuizi cha /dev/mem mwaka 2008, ndilo lililopokea kgdb, inayomwezesha mhandisi kuisimamisha keneli nzima kutoka kompyuta ya pili na kuikagua hatua kwa hatua. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikuwa amepinga kwa miaka jambo la namna hiyo. Mwaka 2000 alisema waziwazi kwamba havipendi vyombo hivyo, akiamini vinawafanya watu watibu dalili badala ya kufikiri. Kprobes, vichunguzi vinavyopachikwa ndani ya keneli ikiendelea na kazi, zilikuwa zimeingia tangu 2004. Siku hizi drgn ya Omar Sandoval, iliyoanzia Facebook, humruhusu mtu kuandika mistari michache ya Python na kutembea ndani ya miundo ya keneli hai kupitia /proc/kcore. Faili hiyo huionyesha kumbukumbu ya keneli kwa anwani zake pepe, na drgn huongeza maelezo ya miundo juu yake. Tatizo la kufuli halijaisha, na waandishi wake hawalifichi. Lakini anayeitumia anaandika jina la muundo, si namba.

Nisidai kwamba jina hutibu kila kitu. Mwaka huohuo wa 2008, matoleo ya majaribio ya Linux 2.6.27 yalianza kuua kadi za mtandao za Intel zinazotumia kiendeshi cha e1000e. Kumbukumbu ya kudumu ya kadi ilikuwa ikiandikwa takataka. Wengi waliushuku mfumo wa picha wa X, uliozoea kugusa vifaa kwa anwani ghafi. Mkosaji alikuwa ftrace, chombo rasmi cha kufuatilia keneli, kilichokuwa kikiandika juu ya msimbo kwenye anwani zilizokuwa zimeachwa huru na kupewa kiendeshi cha kadi. Chombo kilikuwa na jina, kimekaguliwa, kimo ndani ya keneli, na kikafanya kosa lilelile la namba iliyopitwa na wakati. Ninachokiona humo ni kwamba hatari inakaa kwenye anwani iliyotenganishwa na kitu chake, hata mikononi mwa keneli, na kwamba marekebisho yake yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na mahali pamoja pa kuyafanya. Kama mkosaji angekuwa mojawapo ya programu mia zinazofungua /dev/mem kila moja kivyake, sijui ni kiraka gani kingetosha.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote: ukifunga mlango bila kutengeneza mwingine, watu watatoboa ukuta. Ushahidi wake ni mwingi. Desemba 2012 iligundulika kwamba simu za Samsung zenye kichakato cha Exynos 4, zikiwemo Galaxy S II na Galaxy S III, zilikuwa na faili /dev/exynos-mem, iliyowekwa kwa ajili ya kamera na picha, iliyofungua kumbukumbu yote halisi kwa programu yoyote kusoma na kuandika. Hata programu ya mchezo ingeweza kuitumia kuitawala simu. /dev/mem ya kale ilikuwa angalau na mlinzi mlangoni. Kwenye Windows mambo yalifika mbali zaidi. Baada ya 2005, watengenezaji wa bodi na kadi za picha waliotaka programu zao zirekebishe feni na volti waliandika viendeshi vidogo vyenye sahihi halali ambavyo huifanyia programu ya kawaida kazi ileile iliyokatazwa. Mwaka 2019 kampuni ya Eclypsium ilitaja zaidi ya viendeshi 40 kutoka kwa watengenezaji wasiopungua 20 vyenye udhaifu wa namna hiyo. Mwaka 2022 genge la BlackByte lilikuwa likisafiri na kimojawapo, RTCore64.sys cha programu ya kurekebisha kadi za picha, likikisakinisha lenyewe kwenye mashine ya mwathiriwa ili kuzima vyombo vya ulinzi. Yaani mwizi hakuhitaji tena kukuta dirisha. Alibeba lake, likiwa na muhuri.

Pingamizi hilo halirudishi heshima ya /dev/mem, kwani viendeshi hivyo ni /dev/mem ileile kwa majina ya kampuni. Linaonyesha ni nini kinapaswa kutangulia. Linux ilipunguza matumizi ya faili hiyo kwa kuwapa wateja wake makao kwanza: viendeshi vya picha viliingia kwenye keneli kuanzia 2009, dmidecode iliyokuwa ikipekua BIOS kwenye anwani 0xF0000 ilipewa majedwali yake ndani ya /sys mwaka 2015. Feni na volti za Windows hazikupewa makao ya pamoja. Mtu akiuliza kwa nini mfumo mmoja unakimbizana na orodha ya viendeshi vya kupiga marufuku, ambayo Windows 11 huiwasha yenyewe tangu 2022, sehemu kubwa ya jibu iko hapo.

Linabaki suala la mwenye mashine. Tangu Linux 5.4 ya 2019 kuna kizuizi kiitwacho lockdown, chenye ngazi mbili. Ya kwanza hulinda uzima wa keneli: /dev/mem imefungwa, moduli zisizo na sahihi hazipiti, ila /proc/kcore na kprobes bado zinatumika, kwa hiyo unaweza kuichunguza keneli bila kuibadilisha. Ya pili hulinda siri zake, na humo hata kusoma kunakatazwa. Ngazi ya kwanza naiona imekaa sawasawa na kila nilichokijengea hoja hapa. Ya pili ni jambo la aina nyingine, kwa sababu anayefichwa siri ni mtumiaji mkuu, na mtumiaji mkuu mara nyingi ndiye aliyelipia mashine. Kwenye kompyuta yake mwenyewe ana njia: akae mbele yake, azime ukaguzi wa sahihi kwenye mipangilio ya kuwasha, akusanye keneli anayoitaka. Kwenye simu ambayo mtengenezaji hajatoa njia ya kufungua hatua ya kuwasha, njia hiyo haipo, na wala haitapatikana kwa kubishana juu ya /dev/mem.